Kikohozi cha Mwalimu

Kwa miaka mitatu mimi nilikuwa waya. Wenzangu ni wake za watu na mama za watu, na mimi nilikuwa hivyo vyote, lakini kazi yangu hasa ilikuwa uwaya: nilipitisha maneno baina ya mume wangu na mwanangu. Na usidhani ulikuwa waya mrefu. Simu ilikaa mezani, sebuleni kwetu hapa Mingoyo, spika imefunguliwa. Mume wangu, Mwalimu Abilahi, alikaa kwenye kiti kinachogusana na meza hiyo hiyo. Sauti ya Jafari ilitoka Dar es Salaam ikasikika mpaka uani kwa kuku. Lakini wawili hao hawakusemezana.

"Mama, mwambie baba shikamoo," Jafari angesema kila Jumapili.

Nami ningemgeukia Mwalimu, ambaye ameisikia shikamoo hiyo kwa masikio yake mawili, nimwambie, "Mwanao anakuamkia." Yeye angetazama kioo cha kompyuta. Marahaba haikutoka. Shikamoo ya mtoto ilibaki pale mezani ikapoa kama chai ya mgeni aliyeondoka.

Alikuwa amekula yamini, ndiyo sababu. Na ugomvi wenyewe ulikuwa wa chaki.

Jafari alipomaliza chuo cha ualimu alipangiwa shule huko milimani, Kipatimu. Siku barua ilipofika baba yake alitembea Mingoyo nzima kama aliyeposa upya. Mwalimu ni mtu wa zama zile za kuambiwa nenda kafundishe mahali fulani, na mtu akaenda, akalala chini, akafundisha. Kwake yeye msomi amesomeshwa na jembe la mkulima, na jembe hilo hulipwa darasani. Jafari naye ni wa zama za ruksa. Kila mtu sokoni, kila mtu na chake. Akakaa Kipatimu mwaka na kitu, kisha Jumatatu moja watoto wakaingia darasani wakamngoja, wakamngoja, mpaka mwalimu mkuu akaja kuwaambia watoke wakacheze. Jafari alikuwa Kariakoo, kwenye chumba cha fundi wa kompyuta, amejifunga taa kichwani anachungulia matumbo ya mashine.

Mimi sikumlaumu kama baba yake alivyomlaumu, wala sikumtetea kama mwenyewe alivyotaka nimtetee. Kuondoka alikuwa na haki. Kuondoka bila kuwaaga watoto wa watu, hapo alikosea, na nilimwambia. Alikuja nyumbani kueleza. Alieleza vizuri tu, mshahara haufiki, barabara mbovu, nyumba hamna. Baba yake akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Wallahi, sitasema nawe neno mpaka nisikie umerudi kushika chaki." Jafari akachukua begi lake. Uji niliomkorogea aliuacha mezani.

Sasa, kwa watu wa kwao Mwalimu, kule Kitomanga, kiapo si mchezo. Babu yake aliapa hatakula nyumbani kwa dada yake, akafa hajaonja hata karanga. Nikajua nimeolewa na ukoo gani. Lakini Mungu naye ana njia zake, maana baada ya miezi kadhaa basi la Dar likashusha maboksi mawili yaliyoandikwa jina langu kwa kalamu nene: BI MWAHIJA, MINGOYO. Ndani mlikuwa na kompyuta, kioo chake, kibodi na printa ndogo.

"Ni yako," Mwalimu akaniambia, mikono nyuma, akiizunguka meza kama mtu anayekagua ng'ombe. "Mimi hainihusu."

Haikumhusu kwa siku mbili. Siku ya tatu alikuwa amekaa mbele yake na miwani puani.

Watu wachache waliokuwa na kompyuta Mingoyo wakati huo walilia na virusi kila uchao. Unachomeka flashi ya mtu, mashine inaugua. Jafari aliniambia hii yetu ameiwekea mfumo uitwao Linux, haiugui ovyo, na hailipiwi. Nikampasha Mwalimu habari, maana ndiyo kazi yangu.

"Mwulize mwanao, kitu cha bure mwenyewe ni nani?"

"Mwambie baba hakina mwenyewe mmoja," Jafari akajibu. "Watu wengi dunia nzima wamekaa wakakitengeneza kwa kujitolea. Kila mtu ameleta alichoweza, na kila mtu anachukua anachohitaji."

Mwalimu akavua miwani. "Kumbe ni ujamaa," akasema taratibu. "Mimi nilidhani waliufuta."

Kuanzia hapo akawa mtu wake.

Alikuwa amestaafu, lakini alasiri barazani petu hapakosi watoto wa twisheni, na kitu cha kwanza alichotaka kwenye mashine ni programu ya hesabu ya kuwachezesha. Jumapili hiyo Jafari akapiga simu, akasema, "Mama, mwambie baba afungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Aandike sudo."

Mama yangu mzazi ni mtu wa Sudi, kule upande wa Mikindani. Jina hilo nimelisikia tangu nilipokuwa mgongoni. Nikamgeukia Mwalimu: "Andika Sudi."

"Sudi ya nini?"

"Mimi najua? Mwanao kasema Sudi."

Akaandika. Na kwa kuwa ni jina la mahali, na yeye kafundisha Kiswahili maisha yake yote, akaanza na herufi kubwa. Mwishoni akaweka nukta. Kompyuta ikajibu kwamba amri hiyo haijulikani.

"Mwambie mwanao mashine yake haiijui Sudi," Mwalimu akasema. "Sasa itatujua sisi wa Mingoyo?"

Jafari akauliza ameandikaje, nami nikamsomea, pamoja na nukta yake. Alicheka mpaka nikapunguza sauti ya spika. "Mama, hapo umechemsha! Ni sudo. Mwishoni o. Herufi ndogo zote. Na nukta aitoe."

"Sentensi bila nukta?" Mwalimu akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeifuta.

"Mwambie si sentensi, ni amri."

"Amri nayo ni sentensi."

"Mwambie basi ni hodi," Jafari akasema. "Mtu yeyote anaweza kukaa barazani, mama, si ndiyo? Lakini ukitaka kuingia ndani ugeuze vitu vya watu, unapiga hodi. Sudo ni hodi. Nayo itamuuliza yeye ni nani, atataja neno la siri, ndipo imkaribishe."

Hodi Mwalimu aliielewa. Akapiga hodi, mashine ikamuuliza neno la siri, akaandika, na hakuna herufi iliyoonekana. Akabonyeza kwa nguvu. Hakuna. Akakigonga kibodi kwa kiganja kama redio ya zamani. Hakuna.

"Mwambie aandike tu," Jafari akasema. "Inasikia, ila haionyeshi."

Nikamtazama mume wangu, kainamia kibodi, shingo imekakamaa. Inasikia, ila haionyeshi. Nikayameza yaliyonijia mdomoni, nikampasha maneno kama yalivyokuwa.

Programu ikaingia. Watoto wakaja, wakacheza hesabu, wakashinda na kushindwa, baraza ikajaa kelele. Lakini mimi naona kilichomshika hasa Mwalimu hakikuwa kompyuta. Kilikuwa maneno. Jafari alikuwa na wenzake ambao jioni, kwa kujitolea vile vile, walikaa kuyatafutia mambo ya Linux maneno ya Kiswahili, na kila neno lililofika kwetu lilipita kwangu likielekea kwa Mwalimu kama mwanafunzi anayepelekwa kukaguliwa kucha.

"Kuleta programu kutoka mtandaoni ni kupakua," nikasema.

"Kupakua ni wali," Mwalimu akasema. "Unautoa chunguni, unautia sahanini."

"Mwambie ndivyo hivyo hivyo," Jafari akasema. "Chungu kiko huku kwa watu wote, sahani ni kompyuta yake."

Mwalimu akafikiri. "Linapita."

Kuiweka programu ikae sawasawa ndani ya mashine waliita kusakinisha. Hilo mimi nilidhani ni ugonjwa. Lakini Mwalimu akainua kidole: "Lina asili hilo. Kusakini ni kukaa mahali, ndiyo maana tukapata maskani. Kusakinisha ni kukifanya kitu kikae, kipate makao. Ni neno zuri. Ila mwulize, nani atalijua?" Na kuifanya programu iendane na wakati waliita kusasisha, kuipeleka kwenye sasa. Hapo Mwalimu alilirudia chini kwa chini. "Mwulize hili limetungwa na nani."

"Mwambie sijui, mama. Si mimi. Nililikuta."

Mwalimu akasema, "Aha," na nikaona amevunjika moyo kidogo. Alitaka liwe la mwanawe. Moyoni nikasema, basi sema! Sema, mwanaume, mwambie kwamba ungependa liwe lake! Hakusema. Wiki iliyofuata kukawa na kitu kingine cha kusasisha, na wiki iliyofuata kingine. Mimi sikusomea kompyuta, lakini nikajiuliza ni mashine gani hii inayozeeka kila Jumapili. Niliwashuku wote wawili. Nilimshuku yule wa Dar kwamba anatafuta sababu, na huyu wa kwangu kwamba anasahau kwa makusudi aliyofundishwa juzi. Nikanyamaza, nikaendelea na uwaya wangu, kwa sababu mtoto akikunyea kiganjani hukati mkono, na baba naye hukati.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, mpaka Jumapili ile ya toleo jipya.

Safari hii havikuwa viraka vya kusasisha. Mfumo wote ulikuwa unabadilishwa, maana lile toleo letu lilikuwa limechakaa. Kupakua kulianza tangu jana yake kwa modemu, kidogo kidogo, na Jumapili mchana ikabaki kusakinisha. Jafari alikuwa ametuonya: ikishaanza isizimwe, na ikiuliza swali ijibiwe upesi, kwa sababu umeme wetu haungoji mtu, na ukikatika katikati ya kazi mashine inaweza isiwake tena.

Simu ikaita. Nikafungua spika. Sauti ya Jafari ilikuwa nyingine.

"Mama, kabla hatujaanza. Nimepata mtoto. Wa kiume, juzi alfajiri."

Nilipiga vigelegele mpaka jirani akauliza kuna nini. Nililia pia, sina haja ya kuficha. Tulijua mkewe ni mjamzito, lakini kujua si sawa na kusikia.

"Mwambie baba," Jafari akasema, na hapo sauti yake ikawa ndogo, "mwambie nimempa jina lake. Ni Abilahi."

Nikageuka. Sikuhitaji kusema kitu, lakini nilisema, nilisema kwa sauti ya juu na machozi yangu usoni: "Mwalimu, mjukuu. Ana jina lako."

Mwalimu alikuwa ametazama kioo. Maandishi yalikuwa yakipanda, mistari na mistari. Kisha akasema, "Mwulize, hiki kinachoandikwa hapa chini ni cha kawaida?"

Jamani. Kuna hasira inayowaka, na kuna ile inayoingia kama baridi, ukatulia tuli. Yangu ilikuwa hiyo ya pili. Tangu siku ya yamini nilikuwa simwiti mume wangu kwa jina la mtoto kama watu wengine wanavyoitana. Nilimwita Mwalimu, kwa kuheshimu kiapo chake. Siku hiyo nilisema, "Baba Jafari." Akashtuka. "Waya umekatika," nikamwambia. Nikaiweka simu kando ya kibodi, spika iko wazi, nikatoka.

Nilikwenda jikoni uani, nikachukua ungo, nikaanza kupepeta mchele ambao hata haukuwa wa kupikwa siku hiyo. Nilipepeta kwa hasira, kuku wakafaidi. Dirisha la sebule lilikuwa wazi juu yangu.

"Mama?" Jafari aliita. "Mama, uko hapo? Mama?"

Kimya.

"Mama, inakwendaje? Kama kuna swali lolote, usiliache likae. Mama?"

Kimya tena. Nikajisemea, wacha izimike. Wacha umeme ukatike, mashine ife, nipumzike. Kisha nikasikia kikohozi.

Kikohozi cha Mwalimu Abilahi, Mingoyo nzima inakijua. Ni cha chaki ya maisha yote: kikavu, kifupi, na ukisikiliza vizuri kina nukta mwishoni.

Nikauweka ungo chini.

"Baba?" Jafari akasema.

Hakuna.

"Baba, usiseme kitu." Sasa alikuwa anasema haraka, kama anayezuia mtoto asidondoke. "Najua una yamini. Usiseme neno hata moja, usijiharibie. Mimi nitauliza, wewe kohoa tu. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Sawa?"

Nilishika ukingo wa dirisha. Nilingoja kama vile nangoja mtu azaliwe.

Kikohozi kimoja.

"Haya. Imesimama kwenye swali?"

Kimoja.

"Inauliza kama ubakize faili la zamani au uchukue jipya?"

Kimoja.

"La mambo ya printa?"

Kimoja.

"Yale mambo ya printa uliyapanga mwenyewe, baba, au yalikuja hivyo hivyo? Samahani, hilo haliko vizuri. Uliyapanga mwenyewe?"

Kimoja, na hiki kilikuwa na majivuno ndani yake.

"Basi bakiza la zamani, lisije likafuta kazi yako. Bonyeza N, halafu ile batani kubwa ya kuingiza." Akaongeza, "Usiweke nukta."

Sebuleni pakatoka sauti. Ilianza kama kikohozi ikaharibika njiani. Miaka mitatu sikuwa nimemsikia mtu yule akicheka na mwanawe, na hata hapo alikimeza kicheko katikati.

Wakaendelea. Swali, kikohozi. Swali, vikohozi viwili. Mara moja alikohoa kweli, vumbi lilimwingia, Jafari akachanganyikiwa akadhani amesema hapana mara nyingi. Mimi nilisimama chini ya dirisha na mchele miguuni, na umeme wa Mingoyo, Mungu aubariki, ukakaa. Kulipokuwa na kungoja kurefu, maandishi yakipanda yenyewe, Jafari alisema kitu ambacho hakikuwa cha kompyuta.

"Wale watoto wa Kipatimu, baba. Nilitakiwa kuwaaga. Naliwaza hilo mpaka leo. Hilo nalisema tu, usikohoe."

Hakukohoa. Nilisikia kiti kikilia, kama mtu amejiegemeza.

Mashine ikazimika, ikawaka. Nilichungulia. Kioo kilikuwa na rangi mpya, na uso wa Mwalimu ulikuwa umelowa mwanga wake.

"Imewaka?" Jafari akauliza.

Kimoja.

"Alhamdulillahi. Haya, baba. Shikamoo."

Nilimwona mume wangu akifungua mdomo. Nilimwona, kwa macho yangu. Ulimi ulikuwa tayari. Akaufunga.

"Msalimie mama," Jafari akasema taratibu, na simu ikakatika.

Sikuingia ndani. Mwalimu alitoka kwa mlango wa mbele, kofia kichwani, akaenda zake msikitini kabla hata ya adhana. Alirudi baada ya isha, akakaa kwenye kigoda cha jikoni, mahali ambapo sikumbuki lini alikaa.

"Nilikwenda kwa Maalimu Tawakali," akasema. Huyo ndiye anayetusalisha mtaani, mtu mpole, mcheshi. "Nimemuuliza kama kikohozi ni neno."

"Akasemaje?"

"Alicheka kwanza. Kisha akaniuliza, ulipokohoa ulikusudia mwenzako aelewe? Nikasema ndiyo. Akaelewa? Nikasema, vizuri kabisa. Akasema, basi, Abilahi, wewe ndiye mwalimu wa lugha, unakuja kuniuliza mimi?"

"Akasema yamini imekwisha vunjika, nilipe kafara, nilishe maskini kumi. Na akasema hata kama isingevunjika, mtu akiapa kisha akaona lililo jema zaidi, alifanye hilo jema na alipe kafara yake. Ndivyo dini ilivyo."

"Na wewe hukulijua hilo?"

Akatazama mafiga. "Nililijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

Nilikaa chini. Miaka mitatu. Miaka mitatu mlango uko wazi, na kizingiti chake ni sahani kumi za wali, na mimi nabeba shikamoo za mtoto naziweka mezani zinapoa. Nilitaka kumpiga kwa upawa. Nilimwambia hivyo hivyo: "Nataka kukupiga kwa upawa, Abilahi. Ulikuwa unangoja nini?"

"Kwanza nilingoja arudi Kipatimu," akasema. "Kisha nikaona harudi. Basi nikawa nangoja achoke kupiga simu, nijue nimeshinda." Akajipangusa uso kwa kofia. "Hakuchoka, mama Jafari."

Upawa niliuacha ulipo.

Kesho yake nilipika. Mchele ulikuwa umepepetwa tayari, ule uliosazwa na kuku. Maalimu Tawakali alitusaidia kuwapata watu, wajane, vizee wasio na mtu, kilema wa pale njia panda ya Mtwara, na hakuna aliyeulizwa ni wa dini gani. Walipokaa kwenye mikeka nikauchukua upawa, na Mwalimu akauchukua mkononi mwangu.

"Leo napakua mimi," akasema.

Katika ndoa yetu yote mwanaume huyu hajawahi kupakua hata uji. Alipakua vibaya. Huyu alimjazia mlima, yule mchuzi ukafurika ukachuruzika mkekani, punje zikaruka hadi kwenye kofia yake. Lakini aliinama kwa kila mmoja, akampa kwa mikono miwili. Bibi mmoja akamuuliza, "Mwalimu, leo mna shughuli gani?"

"Tumepata mtoto," akasema.

Walipoondoka hakunawa hata mikono. Aliingia sebuleni, akaichukua simu, akabonyeza mwenyewe. Nilimfuata nikasimama mlangoni. Spika aliifungua, sijui kwa mazoea au kwa ajili yangu.

Huko Dar lilitokea jina langu kwenye simu, bila shaka, maana Jafari alipokea kama anavyopokea siku zote: "Mama, shikamoo."

Mwalimu akasafisha koo. Nikadhani anakohoa.

"Marahaba," akasema.

"Marahaba," akasema tena. "Ile ya kwanza ni ya leo. Hii ni ya zile zote za nyuma." "Jafari, kupakua nimekwisha. Kama kuna la kusakinisha, basi mlete huyo Abilahi, asakini hapa na sisi siku chache, na mama yake, na wewe. Utawaleta?"

Simu ikanyamaza. Tukatazamana, nikadhani salio limekwisha.

Kisha ikakohoa, mara moja.